Bibi Titi hakupewa nguvu na TANU, alikuja nayo

Wakuu, heshima kwenu.

Humu tukianza kuzungumzia wanawake na siasa, haipiti muda tumeshafika kwenye viti maalum vya wanawake Bungeni, na hapo ndipo tunapokwama. Huyu anataka vifutwe, yule anasema bila hivyo Bunge litabaki la wanaume. Leo naomba tuviweke pembeni kwanza, turudi 1955, Kariakoo, Dar es Salaam. Kuna mwanamke aliyepanda katika siasa za wanaume wakati hakuna kiti chochote cha kupewa, na habari zake tunazisimulia nusunusu. Tunamtaja kwenye sherehe za kitaifa, magari yanapita kila siku kwenye barabara yenye jina lake pale mjini, lakini swali la maana hatuliulizi: ile nguvu aliitoa wapi, na ilikwenda wapi?

Namzungumzia Bibi Titi Mohamed. Uzi ni mrefu, msione tabu.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, wazazi wake Wamatumbi. Shule aliishia darasa la nne. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama wanawali wengine wa pwani, kisha akaozwa angali mdogo. Mpaka hapo hakuna cha ajabu, ndivyo walivyoishi mabinti wengi wa mjini enzi zile. Kilichomtoa kwenye kundi ni sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mji mzima ulimjua kwa hilo. Harusi ikiwa kubwa, Bomba watakuwepo, na Titi ndiye anayetoa wimbo na wenzake wanaupokea.

Hapa ndipo wasimulizi wetu wengi wanapopita mbio. Wanaandika "alikuwa muimba ngoma" halafu wanarukia TANU, chama kilichodai uhuru, kana kwamba ngoma ilikuwa mchezo wa jioni tu na siasa ndiyo kazi. Hebu tukae hapo kidogo.

Kikundi cha ngoma cha wanawake wa Dar, Tanga au Bagamoyo kilikuwa chombo kamili. Kilikuwa na mkubwa wake na wasaidizi wake, na mtu wa kushika fedha. Kulikuwa na michango inayojulikana nani ametoa na nani bado. Kulikuwa na sare, maana kikundi kikitoka lazima wote wawe na kanga za aina moja, na kanga hizo zinanunuliwa kwa mpango. Mwenzenu akifiwa mnakwenda, akizaa mnakwenda, akiozesha mnakwenda na mnachangia. Na kikundi kina mpinzani wake, kwa hiyo kila mwanamke alijua yuko upande gani na anamtii nani. Habari ikitoka kwa mkubwa asubuhi, kufikia alasiri imeshapita uani kwa uani, Kariakoo mpaka Ilala, bila tangazo, bila karatasi.

Jambo jingine, ndani ya vikundi hivi hukuuliza kabila. Alikuwemo Mzaramo, Mmanyema, Mdigo, Myao, Mmatumbi, wote wanaimba Kiswahili na wote wanazikana. Tunapenda kusema TANU ilifundisha watu kuwa taifa moja. Kwa wanawake hawa wa mjini mimi naona TANU iliwakuta wameshaanza.

Sasa tuje 1954. TANU inaundwa tarehe 7 Julai, waasisi 17, mwanamke hata mmoja hayumo. Chama kinaanza na wasomi wachache, wafanyabiashara na wazee wa mjini, na kinabanwa na jambo moja zito: tangu 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu wa serikali, mtu wa posta, wote hawa wakionekana na kadi wanapoteza kazi. Yaani wale wanaume waliosoma, ambao chama kiliwahitaji, ndio hao hao waliofungwa mikono.

Mwaka 1955 akaja Dar es Salaam John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha Uingereza. Akazungumza na viongozi wa TANU, akauliza: tawi lenu la wanawake liko wapi? Halikuwepo. Viongozi wakahangaika kutafuta wanawake wa kumwonyesha mgeni, na hapo wakagundua kuwa wengi wao hata wake zao hawakuwa tayari kuwatoa mbele za watu. Ikabidi watafute mwanamke ambaye tayari mji unamjua na ambaye haogopi kusimama. Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa harakati za mjini, akamwendea Titi kupitia kwa mumewe, kama adabu ilivyotaka. Hivyo ndivyo Umoja wa Wanawake wa TANU ulivyozaliwa, akiwa yeye kiongozi, na pembeni yake wanawake kama Tatu binti Mzee na Halima Hamisi. Alikuwa na miaka 29.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya niandike uzi huu. Hakuanza kugonga mlango kwa mlango kutafuta mwanamke mmoja mmoja. Aliwaendea wakubwa wa vikundi vya ngoma. Ukimpata mkubwa mmoja umepata kikundi kizima, na wapinzani wa kikundi hicho nao hawatakubali kuachwa nyuma. Maneno yake yalikuwa mepesi na mazito kwa pamoja: hawa wanaume wote wanaojiita viongozi sisi ndio tuliowazaa, sasa tunaogopa nini? Mpaka Oktoba 1955, yaani miezi michache tu, alikuwa ameandikisha wanawake zaidi ya 5,000. Mwandishi wa habari hiyo ni Oscar Kambona mwenyewe, katibu wa TANU wakati huo, aliyewaandikia marafiki wa chama kule Uingereza huku akieleza kwamba mama huyu elimu yake ni ndogo.

Elfu tano, wakuu. Katika mji wa miaka ile, ambao haukuwa na hata robo ya watu wa leo.

Na rudini kwenye lile katazo la watumishi wa serikali. Mume ni karani wa serikali, hawezi kugusa kadi. Mke wake si mtumishi wa mtu. Anachukua kadi, anakwenda mkutanoni, anachangia, na jioni anarudi na habari zote nyumbani. Kuna nyumba nyingi ambazo TANU iliingia kwa mlango wa uani kwa njia hii.

Mtu atauliza, hela ya kadi na michango ilitoka wapi, wanawake wale walikuwa na mshahara gani? Walikuwa na fedha zao. Walipika vitumbua, maandazi na samaki wa kukaanga, wengine walitengeneza pombe, wengine walishona kofia na kusuka ukili. Hiyo ni fedha ya pindoni, haipiti mkononi mwa mume. Na wapo waliokuwa na kitu kikubwa zaidi, nyumba. Mnaijua nyumba ya Kiswahili: mlango mmoja mbele, ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma ua, jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vinavyobaki anapangisha. Mjane au aliyeachika akiwa na nyumba ya namna hiyo haombi ruhusa kwa mtu yeyote kwenda mkutanoni. Lishikeni hili la nyumba, nitalirudia huko mbele.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: Titi alikuja TANU na jeshi lake. Chama kilimpa cheo, na yeye akakipa chama watu. Miaka iliyofuata alizunguka majimbo akihutubia, mara nyingi pamoja na Mwalimu Nyerere, na wakati huo baada ya Mwalimu hakukuwa na wengi waliojulikana na umma kuliko yeye.

(Naendelea. Nimeona maswali mawili matatu, nitayajibu humo humo.)

Mkuu mmoja ameandika hapo chini kwamba bila Nyerere kumbeba, Titi asingekuwa kitu. Mkuu, Mwalimu alimheshimu na alimpa jukwaa, hilo sikatai. Lakini tazama uchaguzi wa kwanza wa nchi hii, 1958 na 1959, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Muasia mmoja. Ili uandikishwe kupiga kura ilibidi uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Sasa nionyeshe mpika vitumbua wa Ilala aliyefikia sharti lolote kati ya hayo. Wale wanawake maelfu waliokijaza chama walikaa pembeni wakitazama. Miongoni mwa walioingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura hizo, wakiungwa mkono na TANU, walikuwemo Sophia Mustafa kwa kiti cha Waasia na Lady Chesham kwa kiti cha Wazungu. Walikuwa wanawake hodari na walisimama na Waafrika kwa dhati, siwaondolei heshima yao. Ila Titi na wanawake wake, waliotembeza kadi juani, sheria haikuwahesabu. Kama walibebwa, walibebwa wapi?

Wakaendelea kufanya kazi hivyo hivyo, wengi wao bila kura, mpaka uhuru ukapatikana. Mimi hilo ndilo linaloniumiza na kunipa fahari kwa wakati mmoja.

Uhuru ulipokuja 1961, mambo yakabadilika kwa namna ambayo mwanzoni ilionekana ni ushindi. Titi akawa mbunge wa Rufiji. Akawa waziri mdogo katika maendeleo ya jamii. Mwaka 1962 ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, naye akawa kiongozi wake wa kwanza. Ukiangalia vyeo, amepanda. Ukiangalia mahali nguvu inapotoka, imeanza kuhama.

Zamani mwanamke wa Kariakoo alikuja mkutanoni kwa sababu mkubwa wa ngoma yake amesema twendeni. Sasa UWT ni chombo kilicho chini ya chama kinachotawala, kina ofisi na ripoti na barua. Kazi yake ikawa kufikisha kwa wanawake yale yaliyoamuliwa juu: usafi, malezi, kisomo, kilimo. Ni mambo mema kabisa, lakini maneno sasa yanashuka, hayapandi. Na katika ofisi, anayejua kuandika ripoti na kuzungumza Kiingereza na mgeni ndiye anayethaminiwa. Mtu wa darasa la nne aliyeweza kuusimamisha mji kwa sauti yake alijikuta katika uwanja ambao sauti si kitu. Baadaye UWT ikawa chini ya Sofia Kawawa, mke wa Rashidi Kawawa, na akakaa hapo muda mrefu.

Hapa mdau ameuliza kuhusu Lucy Lameck wa Moshi, kwamba mbona yeye alidumu. Swali zuri sana. Lucy alizaliwa 1934, akasomea uuguzi, kisha akapata nafasi ya kwenda Ruskin College kule Oxford na baadaye Marekani. Alipoingia Bungeni 1960 alikuwa ameshaivaa lugha ya serikali mpya. Mwaka 1965 akagombea kwao Kilimanjaro, akashinda jimbo kwa kura, na alikuwa naibu waziri kwa vipindi tofauti. Lucy alikuwa na mambo mawili ambayo Titi hakuwa nayo, elimu ya kizungu na jimbo la nyumbani lenye mizizi.

Maana mwaka huo huo wa 1965 Titi alianguka Rufiji. Huo ndio uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili kila jimbo, mmoja alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wananchi waliutumia vizuri, waliwaangusha wakubwa wengi, hata Paul Bomani aliyekuwa waziri wa fedha. Kwa hiyo tusiseme alionewa. Ninavyoona mimi, watu wa Titi walitapakaa nchi nzima na kiini chao kilikuwa Dar, wakati ubunge unahesabiwa kwa mipaka ya wilaya. Mwanamke wa Tabora aliyemwimba Titi mwaka 1957 hakuweza kumpigia kura Rufiji. Huu ni mtego unaowanasa wanawake wengi mpaka leo: wanajenga jina kupitia umoja, kikundi, kanisa, msikiti, chama cha wafanyakazi, halafu siasa inakuja kuwapima kwa kata na kijiji walikoondoka wakiwa mabinti.

Tuje kwenye nyumba, niliahidi.

Azimio la Arusha, tamko la TANU la ujamaa, lilitangazwa Februari 1967. Masharti ya uongozi mnayajua: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na likaweka wazi kuwa katika haya mtu na mwenzi wake wa ndoa wanahesabiwa pamoja. Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka huo huo akajiuzulu kwenye uongozi wa juu wa TANU.

Vijana wengi wakisoma hapo wanasema, ahaa, bepari, alichagua mali akaacha nchi. Mimi nilishawahi kubishana na watu wazima kuhusu hili na sijabadilisha mawazo. Mwanamume kiongozi wa 1967 alikuwa na mshahara wa serikali na pensheni, na ukoo wake una shamba ambalo atarithi. Mwanamke wa pwani asiye na elimu ya ajira, ambaye talaka tatu zinaweza kumkuta jioni, usalama wake ulikuwa vile vyumba sita. Hakuna mfuko mwingine. Kodi ya vyumba ndiyo iliyowapa wanawake wale uhuru wa kusimama TANU mwaka 1955 bila kuogopa kunyimwa posho, na 1967 kodi hiyo hiyo ikaitwa unyonyaji. Sisemi Azimio lilikuwa baya. Najua lilitungwa kwa ajili ya wakubwa waliokuwa wanajilimbikizia, na walikuwepo. Nasema walioliandika walikuwa wanaume wenye mishahara, na hawakujiuliza nyumba ina maana gani kwa mwanamke.

Yaliyofuata ni machungu. Oktoba 1969 alikamatwa. Akashtakiwa kwa uhaini pamoja na watu kadhaa, akiwemo Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi, huku Oscar Kambona, yule yule aliyeandika habari za wanawake 5,000, akitajwa kama kiongozi wa njama akiwa uhamishoni London. Kesi ilisikilizwa 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, shahidi mkubwa wa serikali akiwa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini. Katika washtakiwa Titi alikuwa mwanamke pekee. Alikana mashtaka tangu mwanzo na hakuacha kukana maisha yake yote. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akatoka 1972 kwa msamaha wa Rais.

Akarudi mtaani kuishi kimya. Miaka ishirini hivi jina lake halikutajwa sana, mpaka kwenye miaka ya tisini, uhuru ulipotimiza miaka 30, ndipo chama kikaanza kumwita tena shujaa. Alifariki Novemba 5, 2000, Johannesburg alikokuwa akitibiwa.

Sasa narudi kwenye viti maalum, maana najua ndilo mnalosubiri, na kuna ndugu ameshaandika mara tatu kwamba nalikwepa.

Silikwepi. Katiba yetu inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge, na katika Bunge la 2015 na la 2020 vilikuwa 113. Wakati huo huo wanawake walioshinda majimboni walikuwa karibu mmoja tu kati ya kumi. Viti hivi vimefungua njia, hilo ni kweli kabisa. Rais Samia Suluhu Hassan alianza siasa mwaka 2000 kwa viti maalum vya Baraza la Wawakilishi Zanzibar, 2010 akachukua jimbo la Makunduchi, 2015 akawa Makamu wa Rais na Machi 19, 2021 akaapishwa kuwa Rais. Anna Makinda aliingia Bungeni 1975 kupitia nafasi ya vijana, akaja kuwa mbunge wa jimbo na 2010 Spika wa kwanza mwanamke. Ngazi ipo na watu wameipanda.

Shida yangu ni nani anayemchagua mwanamke wa viti maalum. Orodha inapangwa na chama. Anayetaka kurudi baada ya miaka mitano anajua ampendeze nani, na huyo si mama muuza samaki wa Feri. Titi wa 1955 aliwajibika kwa wanawake waliomfuata, wakimchoka wanaacha kuja. Titi wa 1966 aliwajibika kwa ofisi, na ofisi ilipomchoka hakukuwa na mtu wa kusimama barabarani, kwa sababu vikundi vilishakuwa matawi. Wale 5,000 walikuwepo mjini siku anakamatwa. Hawakuwa na mahali pa kukutana kama wao, nje ya chama kilichomkamata kiongozi wao.

Ndiyo maana nawaambia kina dada wanaotaka kugombea, na humu najua wapo, msianze na fomu. Vikoba mnavyo, vyama vya kuzikana mnavyo, kwaya, madrasa za kina mama, makundi ya wauza mboga sokoni. Humo ndimo kuna mweka hazina anayeaminika na mkubwa anayesikilizwa kuliko mwenyekiti wa mtaa. Viacheni viwe vyenu, visiandikwe ubavuni mwa chama chochote, chako wala cha mpinzani wako. Siku ukipata cheo, usivihamishie ofisini kwako.

Na nina ombi kwa wenye wazee nyumbani. Wanawake walioshika kadi za mwanzo za TANU wamekwisha, lakini binti zao wapo, wana miaka sabini na themanini sasa. Waulizeni: mama alikuwa ngoma gani, mkubwa wao alikuwa nani, kadi alichukulia wapi, mchango alitoa kiasi gani, na baada ya uhuru kile kikundi kilikufaje. Dar imeandikwa kidogo. Tanga, Lindi, Tabora, Ujiji na Dodoma hakuna kitu cha kutosha. Mkipata jina la kikundi hata kama ni jina tupu, liwekeni hapa chini pamoja na mtaa. Picha zenye sare pia, hata zilizochanika.